Makovu ya Chunusi: Kuyatibu ni Dawa au ni Kugeuza Maumbile?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamsawazisha, akampa sura aliyoitaka Yeye; na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika nyumba moja ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, palitokea maneno baina ya baba na shemeji yake. Mtoto wa nyumba hiyo ni kijana wa miaka 19, amehifadhi majuzuu kumi, na tangu utotoni alikuwa akitangulizwa kusoma Kurani katika hitima na maulidi kwa uzuri wa sauti yake. Alipobaleghe uso wake ulijaa chunusi, na chunusi zilipopona zikaacha mashimo mashavuni na madoa meusi hadi kidevuni. Vijana wenzake wakampa jina, wakamwita Chekeche. Kwanza aliacha kusoma mbele za watu. Kisha akaacha safu ya mbele msikitini, akawa asali nyuma ya nguzo. Mwisho akawa haonekani ila siku ya Ijumaa, naye hutoka kabla watu hawajapeana mikono. Siku moja mama yake, alipokuwa akikung'uta kitanda, akaona chini ya mto kichupa kisicho na jina wala anwani, ndani yake mna marhamu ya rangi ya maziwa. Kijana alikinunua kwa mchuuzi wa njiani.

Mjomba wa kijana alipopata habari alikuja usiku akasema, "Shemeji, mtoto huyu na apelekwe kwa daktari wa ngozi."

Baba akajibu, "Shemeji, tangu lini mwanamume akatazama kioo? Ngozi haimwumi. Ala, alala, atembea. Ugonjwa u wapi? Hayo ndiyo aliyomwandikia Mola wake, na mwenye kugeuza maumbile ya Mungu amelaaniwa. Wewe umesoma, hayo wayajua."

"Na kile kichupa?"

"Nimekitupa jaani."

"Umekitupa, Shemeji, lakini kilichomfanya akakinunue hukukitupa. Kingalimo humu ndani."

Maneno yao hayakwisha usiku ule, wala si ajabu, kwani mas'ala yenyewe si mepesi. Ndani yake mna swali la nini ugonjwa, na swali la macho ya watu yana haki gani juu ya mwili wa mtu. Na wanavyuoni wana kanuni yao, ya kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi yapasa kwanza ijulikane chunusi ni kitu gani, na kovu lake ni kitu gani, ndipo isemwe halali au haramu.

Chini ya ngozi mna vijitundu vya nywele, na ubavuni mwa kila kijitundu mna tezi ndogo itoayo mafuta ya kulainisha ngozi. Mtoto akibaleghe, homoni za mwili wake huziamrisha tezi hizo zitoe mafuta kwa wingi. Seli za ngozi zilizokufa huchanganyika na mafuta hayo zikaziba mdomo wa kijitundu. Bakteria waishio juu ya ngozi ya kila mtu siku zote pasi na kudhuru hupata humo mahali pa kuzaana. Mwili hupigana nao, na hapo huja uvimbe na usaha. Hii ndiyo chunusi. Si uchafu, na kusugua uso kwa sabuni kali mara tano kwa siku hakuiondoi, bali huizidisha. Wala si kweli wanayoyasema watu barazani kwa kucheka, ya kuwa mwenye chunusi ni mwenye matamanio mengi na dawa yake ni kuozwa. Vijana wangapi wacha Mungu wametiwa aibu kwa uzushi huu, nao hawana kosa ila kubaleghe.

Vita vile vikiishia juu, chunusi hupona ikaacha doa jeusi tu. Doa si kovu. Ni rangi ya ngozi iliyomwagika mahali palipovimba, na katika watu weusi huonekana zaidi na hukawia, pengine miezi, pengine mwaka na zaidi, lakini aghalabu hufifia lenyewe, na kujikinga na jua huliharakisha. Ama vita vikifika chini, kwenye nyuzi zinazoishika ngozi isimame, nyuzi hukatika na mwili huzishona upya kwa pupa. Ukishona pungufu hubaki shimo: jembamba na refu kama lililotobolewa kwa sindano, au pana lenye kingo, au ngozi ikawa na mabonde kama mchanga baada ya maji kupwa. Ukishona kupita kiasi hubaki kovu lililoinuka, nalo kwa wengine hukua likavuka mpaka wa kidonda, hasa taya, kifua na mabega, na watu weusi hupatwa nalo zaidi kuliko weupe. Shimo na uvimbe huo haviondoki kwa kungoja.

Yatakikana msomaji aishike vyema tofauti hii ya doa na kovu, kwani huko mbele ndiko litakakokuja kosa kubwa la watu: waitilia sumu hali iliyokuwa ikiondoka yenyewe.

Sasa na yatazamwe maneno ya baba. Alilolishika si dogo. Kurani yaeleza jinsi Ibilisi alivyoapa kuwaamrisha watu wayageuze maumbile ya Mwenyezi Mungu, na Ibn Masud, radhi za Mungu ziwe juu yake, amepokea laana ya wenye kuchanja, na wenye kunyonyoa nyusi, na wenye kuchonga mwanya katika meno kwa ajili ya uzuri. Hadithi hii ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim. Walakini baba ameichukua hadithi akaacha neno moja ndani yake, nalo ni lile la kwa ajili ya uzuri. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika madrasa nyingi za mwambao huu, amelisimamia neno hilo katika sherehe yake ya Muslim. Amebainisha kuwa kilichoharimishwa ni kile kifanywacho kwa kutafuta uzuri tu; ama kikihitajiwa kwa kutibu, au kwa aibu iliyo katika jino na mfano wake, hapana ubaya. Wako waliokaza zaidi. Ibn Hajar amenakili kwa Tabari kuwa mwanamke asigeuze hata jino lililozidi. Lakini hapo hapo limetolewa lile lenye madhara na maudhi.

Tena kovu silo aliloumbiwa kijana yule. Alizaliwa na shavu lililosawazika. Likaja gonjwa likalitoboa. Anayefukia shimo hilo arudisha, hageuzi. Mfano wake ni Arfaja bin Asaad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahili, akajifanyia pua ya fedha, nayo ikamnukia. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha afanye ya dhahabu. Na dhahabu kwa wanaume ni haramu! Hakumwambia kuwa pua si lazima, na kwamba mtu asiye na pua ala na alala na atembea.

Na akisema msemaji kuwa gonjwa nalo ni kadari ya Mungu, basi kulitibu ni kumpinga, huyo ajibiwe kuwa dawa nayo ni kadari ya Mungu. Mabedui walikwenda kwa Mtume wakamwuliza kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, akawajulisha ya kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa bila ya dawa yake ila mmoja, nao ni uzee. Kwa hiyo Mashafii wamesema kujitibu ni sunna. Mwenye kuacha kwa kutegemea na kusubiri ana fadhila yake. Lakini hiyo ni fadhila ya mwenye kuuchagua usubirivu kwa nafsi yake mwenyewe. Kumchagulia mwenzio subira ni jambo jingine kabisa, na rahisi mno.

Limebaki neno zito zaidi la baba, kwamba ngozi haimwumi mtoto, basi si mgonjwa. Watu wengi hulisema, hata watu wazuri. Kovu la chunusi aghalabu halichomi wala haliwashi. Mwenye nalo, lau angeishi peke yake kisiwani, asingalijua kuwa analo. Maumivu yake yote yako katika jicho la mtu mwingine. Je, sheria inayahesabu maumivu ya namna hiyo?

Mwanamke mmoja mweusi alikuwa na kifafa. Habari yake ameipokea Ibn Abbas, nayo imo katika Sahihi mbili. Alimwendea Mtume akamwambia kuwa huanguka, na akianguka hufunuka, akataka aombewe. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri. Kisha akarudi kwa jambo moja, akaomba aombewe asifunuke, naye akamwombea. Msomaji na afikiri juu ya mama huyu. Ugonjwa wenyewe, na kuanguka, na kupigwa na ardhi, aliridhia kuvichukua. Aibu ya kutazamwa hakuridhia, wala Mtume hakumwambia kuwa mwenye subira ya kifafa hashindwi na subira ya macho ya watu. Alimpa alichokiomba.

Na katika hadithi ya watu watatu wa Bani Israili, mwenye mbalanga, mwenye kipara na kipofu, Malaika alimwuliza mwenye mbalanga apenda nini kuliko vyote. Alitaka rangi nzuri na ngozi nzuri, na kuondokewa na lile linalowafanya watu wamwone kinyaa. Malaika akampangusa. Mtu yule baadaye aliharibikiwa, lakini hakuharibikiwa kwa ajili ya ngozi aliyoiomba. Ni kwa kuikataa neema na kumfukuza maskini. Ombi lenyewe halikulaumiwa.

Basi kinyaa cha watu ni madhara, na madhara huondolewa. Kijana anayejificha nyuma ya nguzo ana ugonjwa, ijapokuwa mapigo ya moyo wake ni sawasawa na hana homa.

Lakini mlango huu ukifunguliwa hivi hivi, bila ya bawabu, hupita na wasiostahili kupita. Kwani atakuja mtu aseme: Na mimi watu wanidharau kwa weusi wangu, na madhara huondolewa, basi niache nijichubue. Hoja yake yafanana na ya mwenye kovu kama pacha. Wengi katika mji wa Dar es Salaam, wanawake na siku hizi wanaume pia, wameingia kwa hoja hiyo hiyo, ijapokuwa hawakuitamka.

Jawabu ni kuwa weusi si athari ya ugonjwa. Kurani imezitaja tofauti za lugha na rangi za watu katika jumla ya dalili za uwezo wa Mwenyezi Mungu, pamoja na kuumbwa mbingu na ardhi. Nani ataiita dalili ya Mungu ugonjwa? Pakiwa na ila katika ngozi, hutibiwa ngozi. Pakiwa na ila katika jicho la mtazamaji, ngozi haina kosa, na kuiadhibu ngozi kwa kosa la jicho ni dhulma. Mwenye kovu ana yote mawili: ngozi yake imejeruhiwa kweli, na jicho la watu limezidisha. Kwa hiyo dawa yake ni mbili, na ile ya pili haiko dukani.

Na ikiwa hoja hiyo haikumtosheleza mtu, na atembee Kariakoo akaione kwa macho. Mtaa huu umepata jina lake kwa jeshi la wachukuzi wa Waingereza, Carrier Corps, waliokaa hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916, na tangu hapo haukuacha kuwa mahali pa mizigo na biashara. Jengo la soko lililochorwa na Beda Amuli miaka ya 1970 liliungua Julai 2021, lakini biashara haikungoja jengo. Imejaa njiani toka Msimbazi hadi Kongo. Mtu hununua humo kanga, sufuria, vitunguu na redio, na mkorogo. Mkorogo, kama jina lake, ni vitu vilivyokorogwa pamoja, na mwenye kukoroga hakusoma udaktari wala ufamasia. Huuzwa kwa jina la kuondoa madoa, kuondoa chunusi, kulainisha uso. Ndani yake aghalabu mna mojawapo ya vitatu.

Pengine mna zebaki. Huzuia ngozi kufanya rangi yake, nayo hupenya ikaenda kwenye mafigo na mishipa ya fahamu. Na mtoto mchanga abebwaye na mama mwenye kujipaka hupata fungu lake. Mataifa yaliandikiana mkataba juu ya zebaki mwaka 2013, ukaitwa Minamata kwa jina la mji wa Japani ulioangamizwa na sumu hiyo, na sabuni na marhamu za kuchubua zenye zebaki zimo katika vilivyokatazwa.

Pengine mna haidrokwinoni. Hii yang'arisha kwanza, ndipo mtu akaisifu kwa jirani zake. Lakini ikipakwa miaka bila ya daktari, wengine huwageuka, uso ukapiga weusi wa samawi, wenye vijipele, usiokubali tena dawa. Madaktari wa Afrika Kusini waliieleza hali hii tangu mwaka 1975. Mtu alikimbia doa ambalo lingefifia, akanunua doa la maisha.

Na pengine mna steroidi. Hapa pana ajabu. Steroidi hutuliza uvimbe, hata mwenye chunusi akaona usiku mmoja uso umelala kimya. Baada ya wiki ngozi hukonda, mishipa huonekana, na chunusi mpya huchipua, nyingi kuliko zile za kwanza. Akiacha kupaka uso huwaka, akirudia hutulia, basi huwa mtumwa wa kichupa. Na hiyo hiyo steroidi, mkononi mwa daktari, ikidungwa kidogo ndani ya kovu lililoinuka, hulishusha. Kitu kimoja, huku dawa, huku sumu. Kilichotofautiana ni ujuzi wa mkono ulioshika.

Ndiyo maana Mtume alihukumu kuwa mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa atakachokiharibu. Hadithi hii wameitoa Abu Daud, Nasai na Ibn Maja, na wauzaji wa Kariakoo wangefaa kuibandika juu ya meza zao. Maana yake si dhambi ya Akhera peke yake. Ni deni: uso ulioharibika, muuzaji huulipia. Na akijificha nyuma ya maneno ya kuwa mnunuzi alitaka mwenyewe, akumbuke lile rundo la nafaka sokoni Madina, Mtume alipotia mkono ndani akakuta umajimaji uliofichwa chini ya kikavu, akajitenga na mwenye kughushi. Kichupa kisichoandikwa kilichomo ndani yake ni rundo lililolowa chini. Serikali nayo imekataza. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilisimamisha udhibiti, na tangu 2019 kazi ya vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Muislamu hangojei mkaguzi. Chumo la mkorogo ni chumo baya, hata likitolewa sadaka msikitini.

Si kila kilicho cha jadi kimo katika lawama hii. Liwa iliyosagwa juu ya msio, na singo la maarusi, na marashi ya waridi, ni mapambo ya pwani tangu zamani, na havichubui mtu. Ila visidaiwe kuwa vyafukia mashimo, kwani havifukii. Ndimu na dawa ya meno juu ya chunusi, zinazosifiwa sana na vijana, huunguza ngozi na kuacha doa zaidi.

Basi njia ya sawa ni ipi? Kwanza ni kuzima moto kabla ya kuezeka nyumba: chunusi itibiwe isiendelee kuzaa makovu mapya. Zipo dawa za kupaka zilizojaribiwa, kama benzoili peroksaidi na zile za ukoo wa vitamini A, nazo hazioneshi kazi yake kabla ya wiki nane hadi kumi na mbili. Wengi huziacha wiki ya tatu, wakasema hazifai, wakaenda kwa mchuuzi. Chunusi nzito hupewa vidonge viitwavyo aisotretinoini, vyenye nguvu sana, ambavyo mwanamke mwenye mimba, au anayetazamia mimba, ni marufuku kuvimeza kwa sababu huharibu kiumbe tumboni. Basi visipokewe ila kwa daktari, wala asimpe mtu mkewe masazo ya vidonge vyake. Na chunusi zisikaminywe. Kila kidole kinachokamua chachimba shimo.

Ama makovu yenyewe, daktari huyatazama kwa namna zake. Mengine huchomwa kwa sindano ndogo nyingi ili ngozi ijishone upya; mengine hukatwa nyuzi zinazoyavuta chini; mashimo membamba hutiwa tone la asidi kali ndani yake tu. Miale ya leza nayo yatumika, lakini kwa ngozi nyeusi yahitaji mkono uliozoea, la sivyo huacha madoa mapya. Mwenye kuahidi kuwa uso utakuwa kama wa mtoto mchanga, huyo na akimbiwe. Tiba hizi hupunguza. Kufuta kabisa ni nadra.

Waganga wa kujua mambo haya hawako mbali. Hospitali ya Muhimbili ina kliniki ya ngozi, na huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kiko chuo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika. Ndipo yanapotengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa ndugu wenye ualbino. Imepokewa kwa Imamu Shafii kuwa alisikitika kuona Waislamu wameiacha elimu ya utabibu mikononi mwa wengine. Na walikuwa wakiishika kweli: Abu Bakr al-Razi, wa karne ya tatu na mwanzo wa nne ya Hijra, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya ndui na surua, hakuishia kwenye kuponya homa, aliweka ndani yake mlango wa kuondoa alama za ndui usoni. Tabibu yule mkubwa, mbele yake wagonjwa wanakufa, hakuona ni upuuzi kushughulika na shavu la aliyepona.

Kwa wanaume lipo jambo jingine lifananalo na hili, nalo ni vipele vya ndevu. Mtu mweusi mwenye nywele za kujikunja akinyoa hadi chini, unywele hurudi ukamchoma ngozini, ukaleta vipele shingoni na kisogoni, na baadhi huwa makovu magumu. Madaktari wakiulizwa, dawa ya kwanza waitoayo ni kuacha kunyoa. Kunyoa ndevu katika madhehebu ya Shafii kuna maneno, kuna aliyesema makuruhu na kuna aliyesema haramu. Mwenye vipele basi amepata sababu ya pili ya kufuata sunna, na kinyozi asikasirike.

Limebaki lile la jicho. Katika sahaba alikuwako bedui mmoja, Zahir, ambaye Anas amesimulia kuwa hakuwa na sura nzuri, naye Mtume akimpenda. Alimkuta sokoni akiuza vitu vyake, akamkumbatia kwa nyuma, naye hamwoni. Alipomtambua aliubandika mgongo wake kifuani pake. Mtume akawa atangaza kwa mzaha ni nani wa kumnunua mtumwa huyu, na Zahir akajibu kuwa ataona bidhaa hii imedoda. Akamwambia kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yeye hakudoda, bali ni ghali. Zahir hakuwa mgonjwa, na Mtume hakumpa dawa. Alichokitibu ni soko. Mbele ya wauzaji na wanunuzi, pale pale mtu anapopimwa kwa bei, alimkumbatia yule ambaye wao wangempita.

Pwani hii ilikuwa na nyuso nyingi zilizotobolewa na ndui. Wenye nyuso hizo walisalisha watu, wakafungisha ndoa, wakaongoza majahazi. Katika fikihi aibu zinazompa mume au mke hiari ya kuvunja ndoa zimehesabiwa, ukiwemo wazimu, ukoma na mbalanga. Mashimo ya usoni hayamo. Mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa wa mwambao huu huu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akawa mhimizaji wa chanjo ya polio kwa watu wake, hata akafariki katika kazi hiyo mwaka 2013.

Na Kurani imekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, katazo lililo wazi lisilohitaji sherehe. Lile jina la Chekeche lilianza kwa vijana wa mpira, lakini halikukaa kwao. Lilifika barazani, wazee wakalicheka. Baba wa kijana naye alikuwapo jioni moja lilipotajwa, na mwanawe apita na ndoo ya maji; akacheka pamoja na wenziwe, cheko dogo, la mtu asiyetaka kuharibu mazungumzo. Hili mjomba hakulijua. Baba alilijua, na huenda ndilo lililomfanya ashike sana hoja ya maumbile.

Kukubali daktari kulimchukua siku nne. Kumwomba mwanawe radhi kulichukua zaidi ya mwezi, na aliomba gizani, umeme umekatika, baada ya Isha. Daktari alikwisha sema kuwa madoa yatakwenda mbele kwa mbele, na mashimo mawili ya shavu la kushoto yatapungua lakini hayataondoka. Kijana hakuuliza juu ya mashimo. Aliuliza, alipomwona mwalimu wake wa madrasa, kama marhamu ya usiku yazuia udhu wa Alfajiri. Akajibiwa kuwa mafuta yaliyonywewa na ngozi, pasibaki tabaka la kuzuia maji, hayadhuru udhu. Ama yakiganda juu yakawa na mwili, hayana budi kuondolewa kwanza, kwa maji ya uvuguvugu na taratibu, bila ya kusugua. Wallahu aalam.